WENYE MITUMBWI WA LUALABA: TULIYOAMBIWA NA TULIYOONA

1. Utangulizi

Muulize mwanafunzi wa sekondari hapa kwetu nani alifungua njia ya mto Kongo, atajibu mara moja: Stanley. Muulize tena mitumbwi ya Stanley ilitoka wapi, nani aliichonga, nani aliikokota kando ya maporomoko, atakaa kimya. Kosa si lake. Vitabu vyetu vya shule vinataja majina ya wasafiri, tarehe zao na meli zao, lakini watu wenye kafi mkononi wanaitwa tu "wenyeji", ao "wapiga makasia", kama vile mtumbwi ulikuwa unatembea peke yake.

Sisi tulizaliwa na kukomalia Alunguli, ngambo ya kuume ya Lualaba, mbele ya mji wa Kindu. Tulijua kushika kafi mbele ya kujua kushika kalamu. Kisha tulisoma historia kunako chuo cha ualimu, na tangu hapo tunaifundisha. Katika andiko hili tunapenda kuunganisha hizo shule mbili, ile ya mtoni na ile ya kalasi, kusudi tuonyeshe jambo moja: kwenye Lualaba, mwenye mtumbwi ndiye mwenye njia. Wakubwa wote waliopita hapa, wenye bunduki na wenye karatasi, walifika ukingoni wakasimama, wakangoja mwenye mtumbwi aseme ndiyo ao hapana. Na ile elimu iliyompa nguvu hiyo, leo inatutoka mikononi.

2. Mto na watu wake

Lualaba ni jina la mto wetu tangu Katanga mpaka Kisangani. Kutoka Kisangani kwenda chini unaitwa Kongo. Mwaka wa 1971 serikali iliubatiza Zaïre pamoja na inchi nzima, na mwaka wa 1997 jina la Kongo likarudi. Watu wa ukingoni hawakubadilisha kitu. Mbele na nyuma ya hayo yote walisema Lualaba, ao walisema "mto" tu, maana hakuna mwingine wa kuufananisha nao.

Mto huu haupitiki wote kwa chombo. Karibu na Kongolo iko milango ya mawe yenye Wazungu waliiita Milango ya Jehanamu. Kutoka huko mpaka karibu na Kindu maji yanakatwakatwa na mawe. Kutoka Kindu mpaka Ubundu, kilometa zaidi ya 300, maji ni mazuri na chombo kinapita. Katika sehemu hiyo mito ya Elila, Ulindi na Lowa inaingia kutoka mashariki. Chini ya Ubundu yanaanza maporomoko saba ya Boyoma, karibu kilometa 100 za hatari, mpaka Kisangani.

Watu waliojulikana zaidi kwa kazi ya maji ni Wagenya, wenye wasafiri wa kwanza waliwaita pia Wenya. Tunawakuta tangu pande za Nyangwe na Kasongo mpaka kule Kisangani, ambako wanasimamisha miti mikubwa katika mashimo ya mawe na kuning'iniza mitego yao yenye mdomo mpana ndani ya maji makali. Chini ya Kisangani wako Walokele, wachuuzi wa mto, wenye kutumiana habari kwa ngoma ya mti. Habari ya chombo kinachokuja ilifika kijijini mbele ya chombo chenyewe. Mmisionari John Carrington wa Yakusu alijifunza ngoma hiyo na kuiandikia kitabu mwaka wa 1949. Lakini kazi ya maji haikuwa ya makabila hayo mawili tu. Kila kijiji cha ukingoni kilikuwa na wachongaji, wavuvi na wavushaji wake.

3. Mtumbwi na shule yake

Mtumbwi ulianza porini. Mchongaji alitafuta mti mnyoofu, usio na shimo la ndani, kama vile mvule. Aliugonga kwa mgongo wa shoka na kusikiliza sauti. Mti ulipoangushwa, kazi ya kwanza ilifanywa palepale, juu ya kupunguza uzito: kutoboa tumbo kwa shoka, kisha kulainisha kwa tezo. Halafu ulikokotwa juu ya magogo mpaka majini, na hapo kijiji kizima kiliitwa kusaidia. Mara nyingi ulitiwa moto wa polepole ndani, na vijiti vikawekwa kuupanua kifua. Mtumbwi uliochongwa vizuri uliweza kumzidi umri mwana wa kwanza wa mchongaji. Mbavu zake zilipopasuka, hawakuutupa. Wanawake walilowekea mihogo ndani yake.

Shule ya mtumbwi ilikuwa na madarasa yake, na hakuna aliyeruka darasa. Sisi tulianza kwa kopo. Mtoto wa miaka sita ao saba alikaa chini katikati na kutoa maji yaliyoingia, safari nzima, bila kusimama. Tulidhani ni kazi ya kutunyamazisha. Kumbe mtoto wa kopo anajifunza kukaa bila kuyumba, na anajua mbele ya wengine kama chombo kimepasuka. Darasa la pili ni kafi ya katikati: kufuata mkono wa wenzako, wala kuwahi wala kuchelewa. La tatu ni pua ya mtumbwi, na hapo unasimama. Mtu wa mbele anatazama visiki, mawe na viboko, anapima kina kwa pondo. La mwisho ni nyuma, pahali pa mwenye kuongoza. Kuna watu walipiga kafi miaka makumi mawili bila kupewa nyuma.

Mwalimu wetu wa mbele alikuwa baba mkubwa, kaka ya baba yetu mzazi. Hakuwa mtu wa maneno. Siku moja tulikuwa tunashuka upande wa Lowa, akatuona tunakodolea macho povu lililokuwa karibu na mtumbwi.

"Mutoto, unaangalia nini?"

"Maji, baba."

"Ile umeisha kuifikia. Haiwezi tena kukusaidia. Angalia ile yenye iko kule mbele."

Kisha alituonyesha. Pahali maji yanapokunjika kidogo na mkunjo haukai pahali pamoja, ni upepo. Mkunjo ukikaa palepale, chini iko kisiki ao jiwe. Maji laini kama mafuta yaliyozungukwa na maji yenye kuchemka, usiyapende, maana yanazunguka chini kwa chini. Maji meusi kwa kawaida ni kina, maji ya rangi ya chai ya maziwa iko mchanga. Miezi ya kiangazi, mafungu ya mchanga yanatoka, na njia ya mwaka jana si njia ya mwaka huu. Kwa hiyo mwongozaji hakukariri njia. Alisoma maji kila siku upya, sawa vile sisi tunavyosoma gazeti.

Kushuka na kupanda pia ni elimu mbili. Wakati wa kushuka unaenda katikati, unaupa mto kazi, na kafi ni ya kunyoosha tu. Usiku wa mwezi, maji yakiwa mema, mitumbwi miwili ao mitatu ilifungwa pamoja, mmoja akakesha na wengine wakalala, na mto ukatubeba. Tulisikia vyura, mbwa wa vijiji, mara nyingine mtu wa ukingoni anayeuliza kwa sauti: "Nani anapita?" Ilikuwa lazima kujibu, kwa jina la kijiji na la baba. Kupita kimya usiku kulikuwa alama ya mwizi. Wakati wa kupanda ni kinyume: unabanana na ukingo, maana huko mkondo ni mlegevu, na unasukuma kwa pondo kutwa nzima. Safari ya kushuka siku nne iliweza kuomba siku kumi za kurudi.

Na kulikuwa sheria ya mzigo, yenye kila mwana wa ukingoni aliijua: kati ya maji na mdomo wa mtumbwi ulibaki upana wa mkono uliofunguliwa, tangu kidole gumba mpaka kidole kidogo. Ikikosa, gunia linashuka. Hata kama ni la chifu, linashuka. Hatujaona sheria ya serikali iliyoandikwa kwa maneno machache vile.

4. Wageni mbele ya maji

Sasa turudi nyuma, kwenye karne ya 19, tuone elimu hiyo ilikuwa na nguvu gani.

David Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa mwezi wa tatu 1871. Alitaka mitumbwi tu, kusudi avuke Lualaba na kujua unaelekea wapi. Alikaa karibu miezi mine akiomba. Wenye mitumbwi hawakumpa. Walikuwa na sababu: waliona wageni wa biashara ya pembe na watumwa wanavyofanya vijiji vya ngambo moja, na mtumbwi ndio ulikuwa mlango wa ngambo nyingine. Kumpa mgeni chombo ni kumpa funguo.

Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, watu wa wafanyabiashara, wengine wao wa Mtagamoyo, walipiga bunduki katika soko la Nyangwe. Soko hilo lilikuwa limejaa, hasa wanawake, na wengi wao walikuja kwa mitumbwi. Livingstone aliona kwa macho yake na kuandika. Watu walikimbilia mitumbwi iliyosongamana katika kijito chembamba, haikuweza kutoka, na kwa hofu wengi walisahau makafi. Wengine walijitupa mtoni na kuogelea, vichwa vikazama kimoja kimoja. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kati ya 330 na 400. Livingstone aliacha safari akarudi Ujiji.

Tukifundisha somo hili tunawaomba wanafunzi wafikiri juu ya lile neno moja, kusahau makafi. Watu waliozaliwa majini, waliopita darasa la kopo na darasa la pua, hofu iliwaondolea mikononi kitu walichokijua kuliko vyote. Hapo wanafunzi wanaelewa ukubwa wa ile siku bila sisi kuongeza maneno.

Mwaka wa 1874 Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe. Yeye pia aliomba mitumbwi, yeye pia alikosa. Alienda kwa miguu, na mwaka wa 1875 alitokea kwenye bahari ya Angola. Kwa hiyo watu wa Lualaba waliwazuia wasafiri wawili wakubwa wa Uingereza kwa kukataa tu.

Stanley alikuja mwaka wa 1876. Aliona ya wenzake, akafanya namna nyingine. Alikuwa na mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipandevipande. Alipatana na Tippu Tip amsindikize na watu wenye silaha, nao wakaondoka Nyangwe tarehe 5 mwezi wa 11. Mitumbwi iliyobaki aliipata njiani, sehemu kubwa kwa nguvu, katika mapigano na vijiji vya ukingoni. Tippu Tip alipoachana naye mwishoni mwa mwaka huo, Stanley alikuwa na mitumbwi zaidi ya 20, na aliipa majina: London Town, Telegraph, Mtesa, Mirambo na mengine. Mwezi wa kwanza 1877 watu wake walipitisha ile mitumbwi kando ya maporomoko ya Boyoma, wakikata njia porini na kuikokota, kazi ya karibu wiki tatu. Mwezi wa nane walifika Boma.

Tunajua basi majina ambayo mitumbwi ilipewa na aliyeinyang'anya. Majina ya waliochonga hatuyajui hata moja. Ndiyo historia inavyoweza kuandikwa kwa wino mzuri na bado ikawa nusu.

Mfano wa mwisho ni vita vya Dola Huru la Kongo na Waarabu. Mwanzoni mwa mwaka wa 1893 jeshi la Dhanis lilifika mbele ya Nyangwe, likasimama. Mji ulionekana ngambo, lakini katikati ulikuwa mto. Wiki zilipita. Njia ilifunguka siku Wagenya walipokubali kuleta mitumbwi, na mwanzo wa mwezi wa tatu askari walivuka. Nyangwe ikaanguka, na mwezi wa nne Kasongo. Wagenya walikuwa na hesabu ya zamani na mabwana wa Nyangwe, tangu lile soko la 1871 na hata mbele yake. Hawakujua kwamba bwana mpya ataomba zaidi.

5. Masuwa na reli

Bwana mpya aliomba kwa nguvu. Vituo vya dola vilidai wapiga makafi, samaki, chakula, na kuni za kuchoma ndani ya masuwa. Mtu aliyekuwa anamvusha mgeni kwa mapatano, sasa alivusha kwa amri. Wazee wetu waliposimulia habari walizopokea kwa baba zao, hawakusema "tulisafiri". Walisema "tulichukuliwa".

Kampuni ya reli ya Maziwa Makubwa, CFL, iliundwa mwaka wa 1902. Mwaka wa 1906 reli ya kilometa 125 ilizunguka maporomoko kutoka Stanleyville mpaka Ponthierville, ndiyo Kisangani na Ubundu za leo. Mwaka wa 1910 reli nyingine, ya kilometa 355, iliunganisha Kindu na Kongolo. Kati ya Ubundu na Kindu msafiri alipanda masuwa. Treni, masuwa, treni, masuwa: ndiyo ilikuwa njia ya mashariki mwa Kongo, na mji wa Kindu ulikua juu ya mabega yake.

Wengi walifikiri mtumbwi utakufa. Haukufa. Masuwa yalisimama kwenye vituo vichache tu, na kati ya vituo kulikuwa watu. Mtumbwi ulileta mpunga, mawese na samaki mpaka kwenye masuwa, ukachukua chumvi, sabuni na nguo kupeleka vijijini. Wengine waliujongelea ubavu wa masuwa yakiwa yanatembea, wakajifunga kwa kamba na kufanya biashara palepale. Hiyo ilihitaji mkono wa kweli: ukikosea kidogo, maji ya ubavu yanakufunika. Wenye kuweza walikuwa wanafunzi wa darasa la nyuma.

6. Wakati wa vita

Tulikuwa vijana vita vilipofika. Mwezi wa tatu 1997, wakimbizi wa Rwanda waliotoka Tingi-Tingi walifika Ubundu kwa maelfu, wakavuka Lualaba kwa mitumbwi, na wengi walizama. Vita vya pili vilianza 1998, na Kindu iliangukia mikononi mwa RCD mwezi wa kumi. Treni ilinyamaza. Masuwa yalifungwa ukingoni yakaota kutu. Barabara ziliota majani. Kwa miaka hiyo chumvi ilipimwa kwa kijiko.

Nini kilibaki? Kinga na mtumbwi. Watu walisukuma kinga zenye magunia porini siku nyingi, na sisi wa mtoni tulishika tena makafi. Tulipeleka mpunga na mawese chini, tukarudi na chumvi, sabuni, dawa na madaftari. Hatukuwa na motere, maana petroli ilikuwa ghali kuliko mzigo. Tulirudia safari za wazee: kushuka kwa mkondo, kupanda kwa pondo. Lakini usiku, tulipoulizwa "Nani anapita?", hatukujua tena jibu lipi litatuokoa, maana wenye kuuliza walikuwa na bunduki na hawakujali jina la baba yako. Zilikuwako siku kuvuka kulikatazwa kabisa. Mama alikuwa Kindu, watoto Alunguli, wanatazamana juu ya maji. Tuliona mavusho ya usiku ya mgonjwa na ya mwanamke mwenye uchungu, kafi zimefungwa matambara zisilie.

Wale waliotuvusha salama hawakuwa watu wa diploma. Walikuwa wazee wa darasa la nyuma, wenye kusoma maji hata gizani kwa kusikiliza. Bila wao, wengi wetu tunaoandika na kusoma kitabu hiki tusingekuwako. Ndiyo sababu hatukubali mtu aseme kwamba elimu ya mtumbwi ni kitu cha kuweka katika nyumba ya makumbusho.

7. Leo na kesho

Amani iliporudi kidogo kidogo, zilikuja balenyeri nyingi, zile mashua kubwa za mbao zenye motere. Tunazishukuru. Mzigo uliochukua siku kumi unachukua siku mbili tatu. Lakini kila mwaka tunasikia balenyeri imezama kwenye mito ya inchi yetu, na makumi ao mamia ya watu wamekufa. Sababu zinarudiarudia: mzigo kupita kiasi, mwendo wa usiku, dhoruba, kisiki, na hakuna gilé za kuokolea. Serikali imekataza kusafiri usiku, lakini katazo halina macho mtoni.

Tukitazama sababu hizo kwa macho ya wazee, hakuna hata moja iliyo mpya. Mzigo: iko upana wa mkono. Dhoruba: wingu likisimama, unakimbilia ukingo, haungoji matone. Kisiki: mtu wa mbele. Usiku: mwezi, maji mema, na mmoja anayekesha. Kijana anayeendesha motere leo mara nyingi hakupita darasa la kopo. Amepewa nyuma siku ya kwanza, juu anajua kuwasha mashini. Mashini ina nguvu, lakini haisomi maji. Na mwenye balenyeri anahesabu magunia, hahesabu upana wa mkono.

Kwa hiyo tunatoa maoni matatu kwa wasomaji wetu. Kwanza, walimu wenzetu wa historia na jiografia, tuwatume wanafunzi kwa wazee wa ukingoni wakaandike majina ya mawe, visiwa, vijito na mikondo, pamoja na majina ya wachongaji ambao bado wanakumbukwa. Kazi hiyo haiombi pesa, inaomba daftari moja. Sisi tumeianza na wanafunzi wetu, na wazee wawili kati ya wale wa kwanza walioulizwa wamekwisha kufa. Majina waliyotupa hayako pahali pengine popote. Pili, wazazi wa ukingoni wasione haya kumpa mtoto kopo na kafi. Kujua mto hakumzuii mtu kuwa mwalimu ao daktari. Tatu, wenye vyombo na wakubwa wa bandari wawaite waongozaji wa zamani na kuwalipa wafundishe vijana wa motere, mbele hawajaisha.

Wazee wetu walimkatalia Livingstone mtumbwi kwa sababu walijua thamani yake. Leo hakuna mgeni anayetunyang'anya. Ni sisi wenyewe tunaiacha kafi ianguke majini, na safari hii si kwa hofu ya bunduki, ni kwa uzembe. Mwenye mtumbwi ndiye mwenye njia. Tuwafundishe watoto wetu wasiwe abiria tu katika mto wao wenyewe.